Wiki Sita Baada ya Surua

Élise Lokangu alirudi Kisangani mwaka 1977 na masanduku mawili. La kwanza lilikuwa la nguo, nalo halikumsumbua mtu. La pili lilijaa chupa, mirija ya kioo na hadubini iliyofungwa ndani ya blanketi. Pale uwanja wa ndege askari alilifungua mara tatu, akalifunga mara tatu, mwishowe akamwuliza kama anakuja kufungua duka la dawa.

"Hapana, papa. Mi niko mutafiti. Naangalia mambo ya damu."

"Damu ya nani?"

"Ya batoto."

Askari alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akarudi nyuma hatua moja, akampungia mkono apite upesi. Élise akabeba masanduku yake akicheka kimoyomoyo, lakini aliyaelewa aliyoyaona. Kwa kazi aliyokuja nayo, ulimi mzuri ungemfaa zaidi ya hadubini nzuri.

Alikuwa mtu wa mto. Kwao ni Yanonge, na baba yake, mzee Dominique, alifanya biashara ya samaki wa moshi, akishuka Isangi na kupanda Kisangani kwa mtumbwi. Vitabu vya darasa la kwanza Élise alivisomea juu ya vikapu vya samaki, na masista walipomwambia kwamba daftari zake zinanuka, aliwajibu kwamba ndiyo, lakini hesabu zote ni sahihi.

Alipokuwa na miaka tisa, mdogo wake Alexis alishikwa na surua. Mtoto aliungua homa, macho yakawa mekundu kama mawese, mwili mzima ukatoka vipele. Kisha akapona. Mama akapika sufuria kubwa ya samaki, ukoo ukaja, wakala, wakamshukuru Mungu. Siku ya kumi na tisa baada ya karamu ile, Alexis alianza kuhara, kifua kikaziba, na kabla ya Jumapili wakamzika. Majirani walinong'ona kwamba kuna jicho la mtu. Élise hakuamini habari za jicho. Alimfuata baba yake mtoni, alikokuwa akiziba ufa wa mtumbwi, akamwuliza:

"Papa, surua ilikuwa imekwisha kwenda. Nani aliacha mulango wazi?"

Mzee Dominique aliacha kuziba ufa. Hakumgombeza. "Mi najua samaki tu, mwanangu," alisema. "We soma."

Akasoma. Alisoma kwa masista, akasoma biolojia kwenye chuo cha Kisangani, kisha akapata msaada wa masomo akaenda Ubelgiji miaka minne. Kabla hajaondoka serikali ya chama kimoja iliwaambia wananchi wote waache majina ya Kikristo, kwa hiyo kwenye shahada yake aliandikwa Lokangu Basosila. Jina la Élise lilibaki jikoni kwa mama yake na midomoni mwa rafiki.

Huko Ulaya ndiko alikokutana na chembe T. Katika damu ya mtu, mbali na zile chembe nyekundu, kuna chembe nyeupe zilizo walinzi wa mwili. Kati ya walinzi hao kuna kundi moja linalolelewa na tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Hao ndio chembe T. Wao humtambua mgeni mbaya, humkumbuka, na huwaamsha wenzao. Taabu ni kwamba kwenye hadubini walinzi wote hufanana kama mapacha. Ila kulikuwa na njia moja, ya kushangaza kidogo. Ukizichanganya chembe nyeupe za mtu na damu ya kondoo, zile T huzungukwa na chembe nyekundu za kondoo, moja hapa, moja pale, mpaka zinakuwa kama ua lenye petali. Wafaransa waliziita rozeti. Hakuna aliyeweza kumweleza Élise kwa hakika kwa nini chembe ya binadamu ipende damu ya kondoo namna hiyo. Ilikuwa hivyo tu. Unahesabu maua, unajua walinzi ni wangapi. Kwa mtu mwenye afya, katika kila chembe nyeupe mia zilizotenganishwa, sitini hivi au zaidi hufanya ua.

Mara ya kwanza alipoyaona maua yale alimfikiria Alexis. Na swali la utotoni likapata umbo: surua inapoondoka, walinzi wamebaki wangapi? Na hurudi lini?

Basi, chuo kilimpa chumba kimoja mwisho wa ukumbi, dirisha likitazama migomba, meza mbili, na friji ya mafuta ya taa iliyokuwa na tabia zake. Umeme ulikuja ulipotaka. Barafu aliiomba kiwanda cha bia, ambako binamu yake mmoja alifanya kazi. Kitu kimoja tu kilikosekana, nacho ni kondoo.

Mji ulijaa mbuzi. Mbuzi walilala barabarani, mbuzi waliingia ofisini, lakini damu ya mbuzi haikufanya ua hata moja, alijaribu. Akaambiwa: nenda Mangobo, ukamwulize mzee Abdulhamid.

Abdulhamid alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa asili ya Maniema, mwenye ndevu nyeupe na dume moja la kondoo ambalo watu wa mtaa wote walilijua. Jina lake Sultani. Élise alikuta dume hilo limefungwa kivulini, linakula maganda ya makemba, ndizi za kupika, kama bwana mkubwa.

"Papa Abdulhamid, nakuja kuomba damu ya kondoo yako. Kidogo. Chupa moja ndogo kila wiki. Haitakufa, haitakonda."

Mzee aliacha kukanyaga cherehani. "Damu? Ya kufanya nini, mama? Ya kula?"

"Hapana! Ya kuangalia."

"Kuangalia tu?"

Élise alikaa kwenye kigoda akamweleza kila kitu, tangu surua hadi maua. Alieleza kwa Kiswahili cha mji, bila neno hata moja la kitabuni, na alichukua saa nzima. Mzee alisikiliza huku anachana ndevu kwa vidole. Mwishowe akasema:

"Mi nilizika batoto wawili. Wote kiisha surua, siyo ndani ya surua. Batu banasema ni bahati mbaya." Akamtazama Sultani. "Damu kuila ni haramu. Kuiangalia, sijasikia kama imekatazwa. Lakini mi mwenyewe nitakuwa namushika. Mutu mwingine hatagusa kichwa yake."

Tangu siku ile, kila Jumatatu asubuhi, Abdulhamid alimkumbatia Sultani shingoni na kumsemesha maneno ya upole, na Élise akachoma sindano. Dume lilizoea kiasi kwamba likimwona Élise anakuja na kikapu chake, linainua shingo lenyewe.

Kumpata kondoo kulikuwa rahisi kuliko kuwapata watoto. Katika hospitali ambako watoto wa surua walilazwa, mkuu wa wauguzi wa wodi alikuwa Mama Augustine, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamsha maiti, na huyo alimkubali Élise siku ya kwanza. Mama Augustine alikuwa amechoka kuwaaga watoto wakiwa wazima na kuwapokea tena baada ya wiki tatu wakiwa mifupa. Lakini akina mama waligoma. Mtaani ilishasemwa kwamba kuna mwanamke aliyerudi kutoka Ulaya, hana mume, anachukua damu ya watoto na kuichanganya na ya mnyama. Asubuhi moja Élise alifika wodini akakuta vitanda vinne vitupu. Akina mama walikuwa wametoroka na watoto migongoni kupitia mlango wa jikoni.

Élise angeweza kwenda kwa kamishna akaomba amri. Wengine walimshauri hivyo. Yeye alifanya jambo jingine. Aliifunga hadubini ndani ya blanketi lake, akamwomba Mama Augustine amsindikize, wakaenda kwa miguu hadi Mangobo, uani kwa Abdulhamid, siku ya soko. Akaweka meza juani, akakigeuza kioo cha hadubini kishike mwanga wa jua.

Watu walijaa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Ndipo akasogea mwanamke mmoja muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, aitwaye Mama Feruzi, ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa wale waliotoroshwa.

"Ile damu ya mutoto yangu, ulifanya nayo nini?" aliuliza, mikono kiunoni.

"Iko hapa, mama. Njoo uione mwenyewe."

Mama Feruzi aliinama. Alifumba jicho lisilofaa, kisha akafumba yote mawili, watu wakacheka. Élise akamshika bega, akamwonyesha pa kuweka jicho. Kisha yule mama akapiga ukelele.

"Aa! Maua! Iko maua ndani!"

"Lile ua ni askari wa mwili wa mwana yako. Hesabu, mama. Uko unaona mangapi?"

"Moja... mbili... iko mbili tu."

"Sasa angalia hapa." Élise akabadilisha kioo, akaweka damu yake mwenyewe aliyoichukua asubuhi ile.

Mama Feruzi akainama tena, na safari hii hakucheka. Alihesabu kwa sauti mpaka kumi na tatu, akaacha. Akasimama wima, akamtazama Élise usoni.

"Donc mutoto yangu, surua ilikula baaskari wake?"

"Wengi. Lakini watarudi. Mi nataka kujua watarudi siku gani, ili mpaka siku ile tumuchunge."

"Bon," alisema Mama Feruzi, na akawageukia wenzake kana kwamba ndiye aliyesomea Ubelgiji. "Mumesikia? Acheni ujinga. Kesho mi narudi na mutoto." Siku ile hadi jua linazama watu walipanga foleni kuangalia maua, na Abdulhamid alimtembeza Sultani katikati yao kama bwana harusi.

Miaka miwili Élise alihesabu. Watoto themanini na wanne. Kila mmoja alipimwa siku ya kutoka hospitali, kisha baada ya wiki mbili, nne, sita, nane. Chembe mia mbili kwa kila kioo, kidole kwenye kihesabio, shingo ikiuma. Dawa ya kutenganishia damu aliyoileta aliigawa kwa matone. Na polepole picha ikajitokeza. Siku mtoto anapoachwa aende nyumbani, homa imekwisha, ngozi inabambuka, mama anaimba, chembe zake T ziko thelathini na kitu tu kwa mia. Baada ya wiki mbili bado. Wiki ya nne zinaanza kupanda. Wiki ya sita kwa wengi zimerudi sitini. Kwa wale wasiopata samaki wala maharage wala viwavi wa mbinzo, wale wa muhogo mtupu, zilichelewa zaidi. Katika watoto aliowapima waliokufa, na walikuwepo, kila mmoja alikufa ndani ya wiki hizo sita.

Mlango alioacha wazi mtu asiyejulikana, sasa aliujua upana wake.

Alipeleka karatasi zake kwa daktari mkuu wa wodi za watoto. Kwenye hati aliitwa citoyen Bosenge, yaani mwananchi Bosenge. Nyumbani kwake, Hilaire. Alikuwa daktari hodari, mwenye abakosti, lile koti lisilovaliwa tai, iliyopigwa pasi hata siku za joto kali, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na vitanda arobaini na wagonjwa tisini.

"Citoyenne Lokangu," alisema, akifungua kurasa kwa ncha ya kidole, "mutoto aliyepona, unataka nimufuate wiki sita, nimupe chakula, nimupime. Juu ya nini? Juu ya maua?"

"Juu ya chembe T, docteur."

"Hizi hesabu zinafanywa Ulaya, kwenye baridi, na mashine. Wewe uko na friji ya mafuta ya taa na kondoo ya fundi cherehani. Alors, nani ataamini?"

Neno hilo lilimchoma Élise, hasa kwa sababu jarida moja la Ulaya lilikuwa limemrudishia makala yake kwa maneno yaliyokaribia kuwa hayo hayo. Lakini hakuinamisha kichwa.

"Nijaribu, docteur. Niletee mirija kumi na miwili. Namba tu, bila majina. Nusu ya batoto waliotoka surua, nusu wazima. Mi nitakuambia nani ni nani. Nikishindwa, nafunga chumba yangu."

Hilaire alitabasamu. Alipenda mchezo wa haki. Jumatano iliyofuata, katikati ya mwezi wa tisa, Mama Augustine alileta mirija kumi na miwili iliyobandikwa namba. Majina yalibaki ndani ya bahasha mfukoni mwa daktari. Élise alifanya kazi siku mbili. Ijumaa, katika mkutano wa madaktari na wauguzi, alisimama mbele ya watu thelathini akasoma karatasi yake. Mirija mitano ni ya watoto wazima. Saba ni ya watoto waliotoka surua karibuni.

"Saba?" alisema Hilaire.

"Saba."

"Nilikuletea sita na sita." Alifungua bahasha, akalinganisha, na kila aliyekuwepo aliona uso wake ukibadilika, maana kumi na moja alikuwa amezipata zote bila kosa. Lakini kwenye namba tisa kidole kilisimama, na tabasamu likarudi. "Namba tisa, citoyenne. Unasema surua?"

"Thelathini na tatu kwa mia. Sikuamini, nikahesabu tena kioo ya pili. Thelathini na moja. Wiki tatu hivi tangu apone."

"Namba tisa ni Odile, mutoto yangu mimi. Iko na miaka sita. Hajapata kuugua surua hata siku moja. Mi ni baba yake, na mi ni daktari." Watu wakaanza kucheka, kwanza vijana wa nyuma, kisha wote. "Bon. Chembe zako zinajua kudanganya."

Élise aliitazama tena karatasi yake. Angeweza kusema samahani, labda mirija ilichanganyika, labda joto. Kumi na moja kati ya kumi na mbili ni ushindi mkubwa popote duniani, na angetoka pale na heshima yake. Lakini alikuwa ameyaona maua ya namba tisa kwa macho yake mawili, na yalikuwa machache.

"Chembe hazijui kudanganya, docteur," alisema. Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Rudia nyumbani, uulize."

Kicheko kilikatika. Mama Augustine alishika kinywa. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwambia daktari mkuu hivyo, na mwanamke ndiyo kabisa. Hilaire alikunja bahasha, akaiweka mfukoni, akafunga mkutano.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi za bure za kusafisha mji, na Élise alifyeka majani kando ya barabara na watu wa mtaa wake akiwa hana raha hata kidogo. Jumapili alikwenda kanisani, hakusikia mahubiri. Jumatatu alipotoka kwa Sultani na kikapu chake, alimkuta mwanamke kijana amekaa kwenye ngazi za chuo, amejifunga kitenge kizuri cha buluu, na ubavuni mwake msichana mwembamba mwenye macho makubwa.

"Mama docteur," alisema mwanamke, akisimama. "Mi ni Claudine, bibi ya docteur Hilaire. Namba tisa ni huyu."

Élise akafungua mlango haraka, akawakalisha. Claudine alizungumza akitazama sakafu, Odile akikohoa ubavuni mwake.

"Ijumaa ile bwana yangu alikuja kula. Akaniambia kama kichekesho: kuna mwanamke anasema Odile alipata surua. Mi kijiko kikanianguka mukononi." Akameza mate. "Mwezi wa nane bwana alikuwa mission ya kazi Kinshasa. Mama yangu iko Isangi. Aliniomba nimuletee mujukuu. Bwana alikuwa amekataza kabisa, sababu kule kulikuwa surua. Mi nikapanda boti nikamupeleka tu. Mutoto akashikwa. Siyo sana, siku chache. Mama akasema: usimwambie baba yake, imekwisha, tutampa aibu ya bure. Nikanyamaza."

"Na kikohozi hiki?" Élise alikuwa ameshamvuta Odile karibu, kiganja mgongoni. Mtoto alikuwa wa moto, na kifua chake kilitoa sauti aliyoijua.

"Siku tano. Tunasema ni mafua."

Élise hakukaa hata kuvua kiatu chenye matope. Alimbeba Odile mwenyewe. Walipofika kwenye geti la hospitali Claudine alisita, akasema anaogopa. "Tunaingia wote," Élise akamwambia, akamshika mkono kwa mkono wake uliobaki, na hivyo wakaingia, watatu, mpaka ofisini kwa daktari mkuu.

Claudine alisema mwenyewe, kwa maneno manne au matano tu. Hilaire alisikiliza amesimama. Élise alitegemea ngurumo, na hakuna ngurumo iliyokuja. Daktari alipiga magoti kwenye sementi na abakosti yake iliyopigwa pasi, akaweka kipimio masikioni, akasikiliza mapafu ya mwanawe, upande huu, upande ule, chini, chini zaidi. Alipoinua uso alikuwa amezeeka.

"Nimonia," alisema. "Inaanza. Ningengoja wiki..." Hakumaliza. Akaita penisilini kwa sauti iliyosikika uwanja mzima.

Odile alilala wodini siku sita, kitanda cha karibu na dirisha, Mama Augustine akimlisha uji wa samaki kijiko baada ya kijiko. Siku ya tatu homa ilishuka. Siku ya tano aliomba lituma, zile ndizi zilizopondwa, na kuku, akapewa, akamaliza, akaomba tena. Ndipo Claudine alipolia, akilia na kucheka, na wanawake wa wodi nzima wakapiga vigelegele bila hata kuuliza sababu.

Ijumaa iliyofuata, mkutano ule ule, watu wale wale. Hilaire alisimama kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo.

"Wiki iliyopita tulicheka hapa," alisema. "Mi ndiye nilianza. Citoyenne Lokangu alisema saba. Nilisema sita. Ilikuwa saba." Akatafuta neno, akaliacha lije lenyewe. "Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Na ile ya kumi na mbili ilikuwa mutoto yangu. Mama Élise, chukua kiti, kaa hapa mbele. Utuambie tufanye nini."

Alimwita Mama Élise, jina la nyumbani lililokatazwa ofisini, mbele ya watu na mbele ya katibu wa chama, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Élise alitembea hadi kile kiti. Watu walipiga makofi, na baadaye alisema kwamba hakumbuki aliyoyazungumza asubuhi ile, ila anakumbuka kwamba hakutetemeka.

Wakatengeneza kadi. Ilikuwa karatasi ngumu tu, iliyochorwa visanduku sita, kila kisanduku wiki moja. Mtoto aliyetoka surua alipewa kadi, na mama yake akaambiwa: surua imekwenda, lakini baaskari bado hawajarudi. Kila wiki mlete. Akikohoa, mlete siku ile ile. Mpe samaki, mpe maharage, mpe mbinzo, usingoje. Mama Feruzi akaacha kwanga zake siku mbili kwa wiki akawa mtu wa kuzunguka mitaa ya Mangobo akigonga milango ya waliokosa kuja, na sauti yake ilifanya kazi kuliko amri ya kamishna. Kiangazi kilichotangulia wodi ile ilikuwa imepoteza watoto kumi na tisa katika wiki za baada ya surua. Kiangazi kilichofuata walipoteza watatu. Mama Augustine aliiandika ile tatu kwa chaki kwenye mlango wa wodi, kubwa, na hakumruhusu mtu kuifuta.

Élise aliyaandika yote upya, pamoja na jaribio la mirija kumi na miwili, akayatuma tena Ulaya. Barua ya jibu ilichukua miezi minne kufika. Ilikuwa imekubaliwa. Waliomba tu aondoe mstari mmoja mwishoni, ule uliomshukuru Bwana Abdulhamid wa Mangobo kwa kondoo wake, kwa kuwa haukuwa desturi. Élise alijibu kwa mstari mmoja pia: bila kondoo yule hakuna makala. Wakauacha. Jarida lilipofika, Abdulhamid alilipeleka kwa mpiga picha, akapiga picha ukurasa ule, akautia fremu, akautundika ukutani juu ya cherehani. Kila mteja aliyekuja kupimwa suruali ilimbidi kwanza ausome.

Mwaka 1984 alisimama kwenye mkutano wa wataalamu Kinshasa, akiwa amevaa kitenge cha nyumbani kwao na viatu vya Claudine, kwani vyake vilikuwa vimekatika. Mtaalamu mmoja kutoka mbali aliuliza ni mashine gani iliyotumika kuhesabu. "Kidole hiki," alisema Élise, akakiinua. Ukumbi ukacheka, kisha ukasimama, na kupiga makofi kulidumu hata akashindwa afanye nini na mikono yake. Mwaka huo huo akawa profesa, na mzee Dominique alipanda mto na mtumbwi uliojaa samaki, akagawa kwa kila mtu aliyekutana naye kuanzia bandarini, wawe wanamjua binti yake au hawamjui.

Miaka miwili baadaye, kazi ilimfikisha Yahuma, mbali magharibi, kwa barabara ambayo lori liliogelea kuliko kutembea. Alitaka kuona kama watoto wa huko, wanaokula vya shambani tu, chembe zao hurudi kwa muda ule ule. Alifika kwenye zahanati ya udongo akiwa na matope hadi magotini, akakuta akina mama wamekaa kwenye benchi, kila mmoja na kipande cha katoni mkononi. Akamwomba mmoja amwonyeshe. Visanduku sita, vimechorwa kwa kalamu ya risasi, vinne vimetiwa alama.

Muuguzi, kijana aitwaye Jafari, alitoka akifuta mikono.

"Hizi kadi zilitoka wapi?" Élise alimwuliza.

"Hazikutoka mahali, mama. Tunazikata sisi wenyewe. Ni juu ya surua."

"Nani aliwafundisha?"

Jafari alifikiri, akainua mabega. "Iko tu hivyo. Kila mutu anajua: kiisha surua, baaskari wanakaa wiki sita bila kurudi."

"Siyo wiki tano?" alisema Élise, kwa utani, moyo ukimdunda.

"Hapana, mama!" Kijana alimtazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua mambo. "Tano haitoshi. Sita. Kaa pale kwenye benchi, kama uko na mutoto nitakueleza vizuri zamu yako ikifika."

Élise akaenda akakaa. Mwanamke aliyekuwa mwisho alimsogezea nafasi, na yeye akakaa pale juani katikati ya akina mama wa Yahuma, akicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na hakumwambia mtu yeyote yeye ni nani mpaka zamu yake ilipofika.